Rezista Sita za Kabati Jipya

Tarehe 3 Machi

Kwako mpwa wangu,

Naanza kwa kukujulia hali, wewe na hao wanafunzi wako. Sisi huku hatujambo. Mama yako goti bado linamsumbua, ila ulimi haujaguswa na maradhi yoyote. Juzi kamtimua fundi bomba kwa sababu aliacha matope sebuleni. Mke wangu anakusalimu. Anasema ile blauzi uliyomletea inambana mikono lakini anaivaa hivyo hivyo, kwa hiyo ukija usishangae kumwona akitembea kama mtu aliyebeba ndoo mbili.

Kazini tunaendelea. Pampu nne zinasukuma maji, ya tano imelala, nimeifungua na ninaisuka mota yake upya mwenyewe. Tulipata mkosi mwezi uliopita. Fundi mwenzangu Mlingoti, yule mrefu aliyekuwa akikubeba mabegani ulipokuwa mdogo ukitaka kuchungulia ndani ya tangi, alipigwa na umeme akaanguka kutoka kwenye ngazi. Amevunjika nyonga, na mkono wa kulia umeungua. Yuko hospitali. Wanasema atapona.

Sasa nina jambo dogo. Kuna mtu hapa kituoni ananisumbua na maswali ya darasani, nami nikajigamba kwamba nina mpwa mwalimu wa umeme chuoni. Anataka kujua rezista, kapasita na koili zinatofautiana vipi kwenye huu umeme wetu unaokwenda na kurudi. Mimi nazijua kwa mikono, si kwa maneno. Tena anauliza, zile rezista ndogo zinazofungwa juu ya kapasita kubwa zina kazi gani, maana yeye anaona zinapata moto tu.

Hakuna haraka. Ukipata nafasi tu.

Mjomba wako


Tarehe 20 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imenifikia jana, na habari ya Mlingoti imeniuma sana. Mpe pole zangu ukienda kumwona. Mwambie bado nakumbuka alivyokuwa akigonga kichwa kwenye mlango wa chumba cha pampu kila siku, na kila siku anaulaumu mlango.

Mimi ni mzima. Chuo kimenipa madarasa mawili zaidi, sauti imenikauka, lakini nakula na kulala. Mama mwambie dawa ya goti niliyomtumia ni ya kupaka, si ya kunywa. Namjua.

Mwambie huyo mtu wako hivi. Umeme wa ukutani hubadili upande, huku na kule, mara hamsini kila sekunde. Rezista haina mambo mengi. Volti ikipanda, mkondo wa umeme unapanda nayo. Ikishuka, unashuka nayo. Kila kinachoingia humo kinageuka joto na hakirudi.

Koili, yaani waya uliosukwa kama kwenye mota, ina ubishi. Haipendi mkondo ubadilike, kwa hiyo volti ikisukuma, mkondo unakuja nyuma, umechelewa robo nzima ya mzunguko. Inachopokea inakihifadhi kama sumaku, kisha inakirudisha. Na kadiri umeme unavyobadilika haraka, ndivyo inavyozidi kuuzuia.

Kapasita ni kinyume. Mkondo unatangulia, volti inafuata robo ya mzunguko baadaye, kwa sababu lazima chaji iingie kwanza ndipo volti ijengeke. Nayo inahifadhi na kurudisha. Umeme ukibadilika haraka unapita kirahisi. Ukiwa wa upande mmoja kama wa betri, kapasita inajaa na kuufungia njia.

Ndiyo maana penye mota nyingi kama kwenu huwekwa kapasita. Mota ni koili, zinachelewesha. Kapasita inatangulia. Kile ambacho moja inarudisha, nyingine inakipokea papo hapo, na nyaya za kutoka nje hazibebi mzigo wa bure.

Zile rezista ndogo kazi yake ni kumwaga chaji baada ya umeme kuzimwa. Kapasita haijui kwamba umezima swichi. Inabaki na chaji yake. Rezista inaimaliza taratibu, ndani ya dakika moja au mbili. Moto wake ni wa kawaida. Asizikate. Wapo mafundi huzikata wakidhani zinapoteza umeme bure. Nikiwasimulia wanafunzi huwa wanacheka.

Wasalimie wote.

Mpwa wako


Tarehe 9 Aprili

Mpwa wangu, marahaba.

Maelezo yako nimeyasoma mara nyingi. Umeandika vizuri. Huyo mtu amefurahi.

Mama yako alikuwa ameshaonja ile dawa kabla barua yako haijafika. Hajambo. Anasema ilikuwa na ladha ya sabuni.

Mlingoti karudi nyumbani. Anatembelea magongo, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Sijaenda kumwona, kazi zimenibana. Wachunguzi walikuja kutoka makao makuu, watu wawili na mashine zao za kupimia, wakalifungua kabati jipya la kapasita, lile alilolipandia ngazi siku ya ajali. Wakapima rezista zote sita. Nzima. Wakasema basi chaji ilikuwa lazima iishe ndani ya dakika mbili, na mlangoni imeandikwa subiri dakika tano, kwa hiyo Mlingoti hakusubiri. Ameandikiwa uzembe. Meneja kabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, na inasomwa kila Jumatatu asubuhi mbele ya wafanyakazi kabla ya kugawiwa kazi. Wakimaliza kuhesabu miezi yake ya ugonjwa watamwondoa kazini.

Nina swali jingine, la kwangu mwenyewe. Kwenye mota za zamani tulikuwa na kapasita zilizofungwa moja kwa moja kwenye mota. Miaka ishirini na miwili nimezima na kushika papo hapo, na hazikunipiga hata siku moja. Wala hazikuwa na rezista. Kwa nini zile zilikuwa na adabu?

Mjomba wako


Tarehe 27 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nimecheka habari ya dawa, kisha nikaendelea kusoma nikaacha kucheka.

Nakujibu. Kapasita zako za zamani zilikuwa zimefungwa kwenye mota bila swichi katikati. Ulipozima, chaji ilipata njia ndani ya koili za mota, ikaishia humo kabla hujaweka chini bisibisi. Koili ndiyo iliyokulinda miaka ishirini na miwili, si adabu. Kabati jipya lina swichi yake peke yake. Ukiizima, kapasita zinabaki zimetengwa. Hakuna koili. Njia pekee ya chaji ni zile rezista.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Swichi inapoachia, kuna cheche inaendelea kuvusha mkondo mpaka mkondo wenyewe ufike sifuri, ndipo unakatika. Sasa kumbuka ile robo ya mzunguko. Kwenye kapasita, mkondo ukiwa sifuri, volti iko kileleni. Kwa hiyo kapasita haibaki na chaji kwa bahati mbaya. Karibu kila mara inabaki imejaa pomoni. Nyinyi mnasoma volti mia nne kwenye mita, lakini kilele chake kinapita mia tano na hamsini. Hata rezista zikiwepo, fundi lazima apime, kisha aunganishe nguzo za kapasita, zile ncha zake za kufungia nyaya, kwa waya kabla hajashika. Hilo lilipaswa kuandikwa mlangoni.

Na hapo ndipo kuna kitu hakijakaa sawa, mjomba. Mlingoti ninayemjua mimi alikuwa akihesabu hatua za ngazi kabla ya kuzipanda. Mtu huyo hasubiri dakika tano? Na kama alisubiri, na rezista zilikuwa nzima, kilichompiga ni nini?

Ulikuwepo siku hiyo?

Mpwa wako


Tarehe 10 Mei

Mpwa wangu,

Sote wazima. Mvua imeingia jikoni, nimepandisha bati. Mama yako anataka picha yako ukiwa darasani, amechoka na ile ya zamani yenye meno mawili.

Nilikuwa upande wa pampu.

Mambo ya umeme tuyaache sasa. Huyo mtu ameshaelewa.

Mjomba wako


Tarehe 2 Julai

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Sikuumwa na wala sikukosa nafasi. Niliandika barua tatu nikazichana.

Picha aliyoitaka mama nimeiweka humu ndani. Nimesimama kama nguzo, lakini ndiyo iliyopatikana.

Uliniambia tuyaache mambo ya umeme, basi nitakuandikia la kwangu. Mwaka jana mwezi wa tisa ulikuja chuoni. Ulisafiri siku nzima ukiwa na mzigo wa mama, ukanikuta nafundisha, nikakukaribisha ukae kiti cha nyuma. Nilikuwa nafundisha koili. Niliuliza darasa, mkondo ukipita kwenye koili umeme unaenda wapi, na wewe ukanyoosha mkono kama mwanafunzi. Ukasema koili inakula umeme. Darasa zima likacheka. Mimi nami nilicheka, mjomba. Ningeweza kusema kwamba mtu huyu amesuka mota nyingi kuliko zote mtakazoziona maishani. Nilicheka na kuandika jibu sahihi ubaoni.

Kisha mkuu wa chuo akatukuta mlangoni, akaniuliza huyu nani. Nikamwambia ni fundi aliyeniletea mzigo kutoka nyumbani.

Ulikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Ulijifanya unafunga kamba ya kiatu. Viatu vyako havikuwa na kamba.

Wewe ndiye uliyenipa waya wa kwanza na balbu ya kwanza. Baba alipofariki ulinichukua ukanikalisha karakana, ukanifundisha kushika tasta ya kupimia umeme kabla sijajua kuandika jina langu vizuri. Na mimi niliona haya kwa shati lako lenye doa la vanishi ya mota. Sina la kujitetea. Nimekaa na jambo hili miezi kumi na ninaandika leo kwa sababu barua zako zimenifanya nihisi kwamba uliacha kuniuliza kitu fulani siku ile.

Hakuna huyo mtu kituoni, sivyo?

Mpwa wako


Tarehe 23 Julai

Mpwa wangu,

Picha imefika. Mama yako ameiweka juu ya redio, kila anayeingia lazima asimame aitazame. Ile ya meno mawili imehamia chumbani, hajaitupa.

Hakuna huyo mtu. Ni mimi.

Siku ile nilipokuja nilikuwa na karatasi mfukoni. Kabati jipya lilikuwa limefungwa mwezi mmoja nyuma na watu wa nje, wakaondoka bila kutueleza neno. Niliona rezista sita juu ya kapasita, nikazisogelea, nikasikia joto. Sikuelewa kwa nini kitu kiungue saa zote bila kusukuma chochote. Kwenye karatasi niliandika swali lile lile nililokuandikia mwezi wa tatu. Nilipanga kukuuliza tukiwa wawili, ukimaliza kipindi. Baada ya yale ya darasani nikaona karatasi ibaki mfukoni. Sikukulaumu, sikulaumu leo. Mtu mzima anaweza kuchekwa na akauliza hata hivyo. Mimi sikuuliza. Usije ukaubeba mzigo huu wewe.

Nilirudi nikazikata. Zote sita, kwa koleo, siku ya kazi, mbele ya mlango wazi. Nilijiona nimeokoa umeme wa kituo. Sikumwambia mtu, kwa sababu wangeniuliza kwa nini, nami jibu sikuwa nalo.

Kabati halikuguswa tena mpaka mwezi wa pili. Kuna nati ilikuwa imelegea juu, inanguruma. Nikamtuma Mlingoti. Alizima swichi, akafunga kufuli, akaja karakana akaniambia anasubiri dakika zake tano. Tukanywa chai. Alimaliza kikombe, akanisimulia habari ndefu ya mkwewe, akaangalia saa, akasema sasa. Zilikuwa kama dakika kumi. Nikasikia kishindo.

Waliokuja kumbeba hawakunitazama mimi, walimtazama yeye. Nilibaki peke yangu na lile kabati. Na hapo, mpwa wangu, nilichofanya sikukifanya kwa kutojua. Nilikwenda stoo nikachukua rezista zile zile nilizozikata, nilikuwa nimezihifadhi kwenye kopo la misumari. Kwanza niliunganisha nguzo za kapasita kwa waya, ikapiga kama bunduki, nikajua kilichompiga. Kisha nikazirudisha zote sita, nikazilehemu vizuri, nikazifuta vumbi. Mkono haukutetemeka. Hilo ndilo linaloniamsha.

Wachunguzi waliponiuliza kama nilimwona akisubiri, nikawajibu nilikuwa upande wa pampu. Ndilo neno nililokuandikia na wewe.

Wiki iliyopita nikaenda kwa Mlingoti hatimaye, nikasema moyoni nisipokwenda watu wataanza kuuliza. Tazama nia yangu ilivyokuwa. Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya mlango, gongo limelala mapajani. Akataka kunyanyuka anisalimie, nikamzuia. Akaniambia, "Fundi mkuu, nimekuaibisha."

Nikamwambia hapana.

Akasema, "Nimefikiri sana. Mimi nakumbuka chai. Nakumbuka nilikwambia habari za mkwe wangu. Lakini mashine zao zinasema sikusubiri, na mashine haina ugomvi na mimi. Labda ile chai ilikuwa siku nyingine. Labda kichwa kiligonga chini kikachanganya siku."

Nilikuwa nimekaa naye benchi moja, na chai ile nilikunywa naye. Nikamwambia, "Pumzika, usifikiri sana." Nikaondoka. Mkewe alinifungia mfuko wa matunda wa kumpelekea mke wangu. Nimeuweka mezani karakana, sikuweza kuufikisha nyumbani.

Wewe ni mwalimu. Sikuulizi kapasita. Nakuuliza nianzie wapi.

Mjomba wako


Tarehe 6 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Anzia kwake. Usianze kwa meneja. Ukianza kwa meneja, Mlingoti ataisikia kutoka kwa watu, na utakuwa umemnyima ukweli kwa mara ya pili. Mwambie kwa maneno mafupi, kama ulivyoniandikia. Usimwombe msamaha kabla hajaelewa ulichofanya, maana ataharakisha kukupa, namjua, kisha atabaki na uchungu wake peke yake.

Kisha nenda kwa meneja. Nimeandika maelezo ya kitaalamu kurasa mbili na kuyaweka humu. Yanaeleza kwa nini kapasita iliyotengwa bila rezista inaweza kukaa na chaji saa nyingi, na kwa nini dakika tano hazikuwa na maana yoyote siku hiyo. Nimeweka jina langu na chuo changu. Nimeandika pia kwamba fundi mkuu aliyezikata ni mjomba wangu, wasije wakasema nimeficha. Wakitaka kuniita, nitakuja.

Kuhusu kurudisha zile rezista, sikuweza kukuandikia chochote cha kukutuliza. Nilijaribu. Nimesoma sehemu ile nikaweka barua chini nikatoka nje. Nakupenda, na ulichofanya ni kibaya sana. Yote mawili nimeyaandika kwenye mstari mmoja kwa sababu sijui lipi litangulie.

Jumanne nilifundisha kapasita. Nikawaambia wanafunzi kwamba kuna fundi alizikata rezista na mtu akalemaa. Mmoja akauliza, mwalimu, fundi gani mjinga hivyo. Nikasema ni mjomba wangu, ndiye aliyenifundisha kazi, na alikuja hapa mwaka jana kuuliza, akakaa kiti kile pale, tukamcheka. Hakuna aliyeandika kitu kwenye daftari. Kengele ikalia wakabaki wamekaa.

Mama bado sijamwambia. Hilo nalo ni lako.

Mpwa wako


Tarehe 15 Septemba

Mpwa wangu, marahaba.

Mama yako nimemwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tuzaliwe. Kisha akasema, "Nenda ukaoge, unatoka jasho." Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu akaniletea uji. Goti limepata nafuu kidogo. Mke wangu analia akidhani sisikii.

Nimeondolewa ufundi mkuu. Nasubiri uamuzi wa makao makuu, na kwa sasa nimewekwa stoo, nagawa nati na glovu. Maelezo yako waliyasoma wote. Mmoja wa wale wachunguzi alirudi, akavichunguza vile viungo nilivyolehemu, akasema risasi yake ya kulehemia ni mpya kuliko ya viungo vingine na yeye hakuiangalia mara ya kwanza. Naye hakuwa na raha. Mlangoni mwa kabati sasa imeandikwa pima, unganisha nguzo, ndipo ushike.

Karatasi ya Mlingoti imebanduliwa. Nilimwomba meneja niandike nyingine kwa mkono wangu. Inasema alisubiri, inasema nani alizikata rezista, nani alizirudisha, na nani alidanganya. Jumatatu ya kwanza niliisoma mwenyewe. Nilifika kwenye neno kudanganya nikakwama, nikarudia kutoka juu, nikafika.

Sasa la Mlingoti, nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo gumu.

Nilikwenda siku ya mapumziko, saa nne asubuhi. Alikuwa benchi lile lile anajifunza kukunja vidole kwa kubana mpira. Nilibaki nimesimama. Nikamwambia, "Rezista nilizikata mimi mwaka jana. Hazikuwepo siku uliyopanda. Wewe ulipokuwa unapelekwa hospitali, nilizirudisha."

Akaendelea kubana mpira. Nikadhani hakunisikia. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nilisubiri?"

"Ulisubiri."

"Dakika tano?"

"Zaidi. Kama kumi. Ulimaliza kikombe."

"Na habari ya mkwe wangu nilikusimulia siku ile?"

"Siku ile."

Akauweka mpira chini. Akamwita mkewe, naye akatoka na mikono yenye unga. Mlingoti akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Mkewe akanitazama usoni, halafu akamtazama mumewe, akaketi chini pale pale mlangoni. Mlingoti akawaita watoto wake wakubwa wawili waliokuwa ndani. "Rudia," akasema. Nikarudia mara ya tatu. Mara hiyo nilitaka kuongeza kwamba sikujua, kwamba nilikuwa na swali mfukoni, kwamba niliona haya kuuliza. Nikakumbuka ulivyoniandikia, nikasema yaliyotokea tu.

Akawaambia watoto, "Mmesikia. Baba yenu alisubiri."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Hilo siwezi leo, na kesho usije kuuliza." Hakupandisha sauti. Miezi mitano, akasema, alikuwa akikaa pale nje anajaribu kujikumbuka akipanda ngazi bila kusubiri, ili akubali kosa lake kama mwanamume. Alikuwa ameshaanza kulikumbuka. Alikuwa ameshajiona kabisa akipanda.

Nikaondoka.

Sijarudi kwake, na naona ndivyo anavyotaka. Uzembe wamemfutia, na kazi ya ofisini ya kusoma mita ameahidiwa akipona. Mkewe tukikutana barabarani anavuka upande wa pili. Sikasiriki.

Jana Mlingoti alikuja kituoni. Hakuna aliyemwita. Alishuka kwenye gari la jirani, akaja na gongo lake mpaka kwenye ubao wa matangazo, akasimama mbele ya ile karatasi niliyoandika. Alisoma polepole, kidole chini ya kila mstari, kimoja cha vile visivyokunjika. Alipofika mwisho akarudi juu akasoma tena. Wafanyakazi wakaacha kazi. Mimi nilikuwa kwenye dirisha la stoo, sanduku la glovu mkononi. Alijua niko pale. Akageuza kichwa, akanitazama kwa muda, nikainamisha macho, na nilipoyainua alikuwa bado ananitazama.

Kisha akaenda kuwasalimia wenzake mmoja mmoja, kwa mkono wa kulia. Wote waliupokea kwa mikono miwili. Dirishani kwangu hakufika.

Mjomba wako